Nilichomwahidi Allah Ziwani



Sifa zote njema ni za Allah, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.). Ndugu msomaji, kuna swali ambalo tumebishana darasani bila kulimaliza: mtu anayemkumbuka Mola wake kwa sababu tu ameogopa kufa, je, dua yake ni ibada au ni biashara? Mimi nilikuwa upande wa wanaosema ni biashara, tena nilikuwa na hoja nyingi. Mwezi wa Aprili swali hilo lilinirudia nikiwa ndani ya maji ya Ziwa Kivu, na hoja zote zikanikimbia.

Nilikwenda Karongi peke yangu. Baada ya mitihani nilitaka siku mbili za ukimya, mbali na simu na kelele za Kabeza, ambako mtu huamshwa na ndege za Kanombe kabla ya adhana. Nikakodi mtumbwi kwa mzee mmoja mvuvi, nikapakia hema, mchele, sufuria na msahafu, nikapiga kasia karibu saa nzima hadi kwenye kisiwa kidogo kisicho na watu. Mzee alinionya mambo matatu. Huu ni msimu wa mvua, upepo hushuka milimani ghafla. Jaketi la kuokolea maisha nisilivue nikiwa karibu na maji. Na mtumbwi niuvute juu kabisa, niufunge kwenye mti. Nikamjibu, "Inshaallah, mzee." Neno lile tukufu nililitumia kama wengi wetu tunavyolitumia, yaani kumnyamazisha anayetushauri.

Hadi Isha mambo yalikuwa mazuri. Mbali ziwani ziliwaka taa za wavuvi wa sambaza, na nyimbo zao zilinifikia. Niliswali, nikakaa kwenye dhikri, nikajiona nimepanda daraja. Mtumbwi nilikuwa nimeuvuta hatua chache tu na kamba nikaizungushia jiwe. Jaketi nililikunja nikalifanya mto.

Yapata saa tano usiku taa za wavuvi zilianza kutoweka moja baada ya nyingine. Nilidhani wamemaliza kazi. Kumbe walikuwa wameiona hali ya hewa ambayo mimi sikujua kuisoma. Upepo ulikuja kwa mkupuo mmoja, ukang'oa vigingi vya hema upande mmoja, na mvua ikaingia ubavuni. Katikati ya kelele ile nikasikia mbao zikigonga mawe. Mtumbwi ulikuwa unaondoka.

Nilikimbia nikaingia majini kuufuata. Hatua ya kwanza maji yalifika magotini, ya pili kifuani, ya tatu sikupata chini. Ziwa Kivu lina kina cha zaidi ya mita 450, na sehemu nyingi kingo zake huporomoka wima kama milima inayolizunguka. Kuogelea kwangu ni kwa kubahatisha. Nilishika ukingo wa mtumbwi, nao ulikwisha kujaa maji, nikawa naelea nao gizani nisijue kisiwa kiko upande gani.

Nilisoma dua ya Nabii Yunus (a.s.) hadi ulimi ukawa mzito. Kisha, ndugu msomaji, haikunijia mas'ala yoyote niliyowahi kuijadili. Ulinijia uso wa ndugu mmoja niliyekuwa nikikaa naye chumba kimoja. Alinikopesha faranga 60,000 nilipokwama ada ya usajili. Nilimwambia nitalipa baada ya mwezi. Mwezi ukawa miezi minane. Alipoanza kunikumbusha nilikasirika, nikahama chumba, na msikitini nikawa natazama kwanza amekaa safu gani ndipo nichague yangu. Na haya nikiyafanya, hadithi ya lile jeneza nilikuwa naijua kwa moyo: Mtume (s.a.w.) aliuliza kama marehemu ana deni asilolilipa, akajizuia kumswalia, hadi Abu Qatada (r.a.) alipojitolea kulibeba. Nikiwa nimeng'ang'ania ubao ule nilisema kwa sauti: Ya Rabbi, nitoe humu, na wiki hii hii nitamlipa.

Wimbi lilitubwaga mawe­ni, mimi na mtumbwi. Nilipanda kwa magoti, nikaingia kwenye hema lililopasuka, nikavaa jaketi. Nililivaa nchi kavu hadi Alfajiri. Kulipopambazuka mzee alikuja na mtumbwi wa jirani yake kunitafuta. Hakunigombeza. Aliitazama kamba, akalitazama jiwe, akasema, "Mwanangu, jiwe hili hata mbuzi halimzuii."

Hapo ndipo ningependa tusimame, kwa sababu mtihani wenyewe ulianzia ndani ya basi la kurudi Kigali. Kabla hatujafika Muhanga nilikwisha kuanza hesabu. Nikimlipa zote nitakula nini? Labda nusu. Labda posho ikitoka. Kwani nilisema wiki hii, au nilimaanisha karibuni? Siku ya kumi nilimwona msikitini, na miguu yangu ikanipeleka safu ya mwisho, karibu na mlango.

Surat Yunus, aya ya 22 na ya 23, inasimulia habari hii hasa: watu wako chomboni na upepo mzuri, wamefurahi, mara inawajia dhoruba na mawimbi kila upande, wanamwomba Allah kwa kumtakasia dini Yeye peke yake, wanaahidi kuwa wenye kushukuru, na akishawaokoa, wanarudia dhuluma katika ardhi. Miaka yote nilidhani aya hizi zinaikosoa dua yao. Nilipozisoma tena nikiwa na michubuko mikononi, niliona kwamba Qur'ani haiiiti dua ile ya uongo. Inaishuhudia ikhlasi yao. Lawama inaanza walipokanyaga nchi kavu.

Kwa hiyo wenzangu wa upande wa biashara, nadhani tulikosea. Hofu haikunifanya mnafiki. Iliniondolea unafiki kwa dakika chache, nikaona deni langu kwa ukubwa wake halisi. Mnafiki alikuwa yule wa ndani ya basi.

Mtu anaweza kuuliza: mbona Firauni hakukubaliwa? Naye anatajwa katika sura hiyo hiyo, akitamka imani huku anazama. Lakini sura hiyo hiyo, aya ya 98, inawataja pia watu wa Nabii Yunus, walioamini adhabu ikiwa imewakaribia, na imani yao ikawafaa, wakaachwa waishi hadi muda wao. Wote hawa waliogopa. Firauni alisema wakati muda wa kutenda umekwisha. Watu wa Yunus walibakiwa na muda, wakausimamia waliyoyasema. Wale wa chomboni walibakiwa na muda pia, wakaupoteza. Mimi nilikuwa kati ya makundi haya mawili ya mwisho, na siku zilikuwa zinakwenda.

Kuna mfano mwingine tunaousoma kwenye sira. Makka ilipofunguliwa, Ikrima bin Abi Jahl alikimbia akapanda chombo. Dhoruba ilipowakuta, wenye chombo waliwaambia abiria wamwombe Allah peke yake, kwani miungu mingine haifai kitu pale. Ikrima akafikiri: ikiwa baharini haniokoi ila Yeye, basi hata nchi kavu haniokoi ila Yeye. Akaahidi kwamba akipona atakwenda kwa Muhammad (s.a.w.) kuweka mkono wake katika mkono wake. Akapona, akaenda. Imani ya mtu huyu, mtoto wa adui mkubwa wa Uislamu, ilianzia katika hofu, na hakuna Mwislamu anayeihesabu kuwa ya bei rahisi.

Lakini hoja ya biashara ina ukweli wake mahali pamoja, nami sitaki kuuficha. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba nadhiri haibadilishi kadari, bali hutumika kumtoa bahili kile ambacho asingekitoa. Nilipoisoma hadithi hii nilijiona ndani yake. Na yangu ilikuwa mbaya zaidi, maana bahili hutoa mali yake. Mimi nilimtolea Allah ahadi ya faranga ambazo hazikuwa zangu. Nilimpa zawadi ya deni.

Tena nisijidanganye kwamba nilipona kwa kuwa dua yangu ilikuwa bora. Oktoba 2024, katika ziwa hili hili, meli iliyotoka Minova ilizama karibu na bandari ya Kituku, Goma, ikiwa imejaza watu kupita kiasi, na makumi wakafa mbele ya macho ya waliokuwa wakiwasubiri. Sina shaka wengi mle waliomba kwa ikhlasi kuliko mimi. Na Mtume (s.a.w.) amemhesabu anayekufa maji miongoni mwa mashahidi. Kupona si cheti cha uchamungu. Ni muda tu niliopewa.

Nimejifunza pia kwamba kosa la kamba na kosa la deni ni kosa moja. Yule aliyeuliza kama amwache ngamia na kutegemea aliambiwa amfunge kwanza. Nami nilimwachia Allah mtumbwi nisioufunga na deni nisilolilipa, nikaita tawakkul. Hata kusafiri peke yangu, Mtume (s.a.w.) alikwisha kutahadharisha msafiri wa pekee.

Siku ya kumi na saba niliuza hema baada ya kulishona. Nilipata faranga 35,000. Nilimsubiri ndugu yangu mlangoni baada ya Isha nikampa, nikamwambia zilizobaki nitampa tarehe fulani, tukaandika, na mashahidi wawili wakatia sahihi. Alizihesabu, akanyamaza kidogo, akasema, "Mimi nilidhani umenichukia." Sentensi hiyo ilinielemea kuliko maji yale. Zimebaki 25,000, nazo naandika hapa ili nanyi mniulize.

Ndugu yangu, dada yangu, huenda hujawahi kufika Kivu. Lakini umewahi kukaa kwenye korido ya hospitali usiku, au mbele ya karatasi ya mtihani usiyoijua, na kuna neno ulimwambia Mola wako. Likumbuke leo, ukiwa salama.

Allah atujaalie kutimiza tunayomwahidi. Wabillahi tawfiq.