Prosesa Mpya: Haja au Israfu?

Kijana niliyemfundisha hapa Mbeya, sasa anasoma Iringa, ameniuliza: kompyuta yake ya gemu ina Intel Core i3 ya kizazi cha 4, ya mwaka 2013. Je, kubadilisha prosesa ni israfu?

Wapo watakaosema gemu ni upuuzi, basi hata senti moja ni israfu. Sikubaliani nao. Burudani ya halali ina nafasi yake. Israfu hupimwa kwa haja na kiasi.

Kwanza, haja ithibitike. Kama kadi ya picha ndiyo imefika asilimia 100 huku prosesa ikiwa na nafasi, prosesa mpya haitamfaa kitu.

Pili, gharama ihesabiwe yote. Prosesa za leo haziingii kwenye mazabodi yake. Atanunua na mazabodi, na kumbukumbu. Lakini Core i7 iliyotumika, ya kizazi hicho hicho, kwa kawaida huingia. Huo ndio wastani.

Tatu, fedha ni ya nani? Ikiwa ni ada aliyotumiwa na mzazi, hiyo ni amana, na mjadala umekwisha. Ikiwa ni jasho lake na hadaiwi, anunue kwa kiasi.

Ndugu msomaji, nafsi ni hodari wa kuyaita matamanio haja. Tuihoji kabla ya kufungua pochi.

Wallahu a'alam.