Pua ya Arfaja

Mwanamke aliyeondolewa titi kwa sababu ya saratani, akitaka kuundiwa jingine, huenda akaulizwa swali zito kabla hata hajafika kwa daktari wa upasuaji: je, huko si kubadili maumbile ya Mungu? Swali lina msingi. Katika Sura ya An-Nisaa shetani anaapa kuwaamrisha watu wabadili alichoumba Mwenyezi Mungu, na hadithi ya Ibn Mas'ud inawalaani wanaochanja chale na wanaochonga mianya ya meno ili wapendeze. Lakini sharti limo humo humo: ili wapendeze. Kinachokatazwa ni kuuona mwili usio na hitilafu kuwa una kasoro, kisha kuurekebisha. Titi lililoondolewa limekwisha kubadilishwa, na waliolibadili ni maradhi na kisu.

Arfaja bin As'ad alipoteza pua katika vita vya Kulab, zama za Ujahilia. Akavaa ya fedha, ikanuka, na Mtume akamwamuru avae ya dhahabu. Abu Dawud na Tirmidhi wameipokea habari hiyo. Wanaoitaja wengi huishia kwenye ruhusa, ila mimi naona uzito wake uko kwenye ile harufu. Pengo la uso lilikuwa limezibwa tayari na fedha. Dhahabu, ambayo mwanamume haruhusiwi kujipamba nayo, ilihalalishwa kwa ajili ya adha ya mwenye pua. Wala haikuwa hadaa, maana nani angeidhania dhahabu kuwa nyama? Na kuhusu titi lenyewe, Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, lilipokutana Putrajaya, Malaysia, mwaka 2007, liliruhusu kuundwa upya kwa titi lililoondolewa.

Atakayepinga atasema pua iko usoni ilhali titi limesitiriwa nguoni, kwa hiyo sidiria iliyojazwa pamba yatosha. Hapo amepima adha kwa macho ya wapita njia. Mwanamke huoga, hulala, huvaa. Na titi lililobaki, likiwa zito, huweza kuvuta bega upande mmoja. Atakayemhimiza avute subira ajiulize mbona hakumhimiza hivyo alipokuwa akipewa dawa za saratani. Subira haijawahi kuwa jina la kukataa tiba.

Hata hivyo ruhusa haigeuki kuwa wajibu, na hapa ndipo ninapotofautiana na wanaoishangilia kupita kiasi. Mafakihi husema madhara hayaondolewi kwa madhara mfano wake, na kila njia ya upasuaji huu ina gharama yake mwilini. Titi la silikoni halidumu maisha yote, na aliyepigwa mionzi kifuani yumo katika hatari kubwa zaidi ya matatizo nalo. Kuhamisha nyama ya tumbo au msuli wa mgongo ni operesheni ndefu inayoacha jeraha la pili mahali palipokuwa pazima. Na titi jipya, liwe zuri namna gani, kwa kawaida halirudishiwi hisia zote za lile la kwanza. Mshairi wa Marekani Audre Lorde, aliyeondolewa titi mwaka 1978, alikataa hata lile bandia la kuvaa. Katika kitabu chake The Cancer Journals anasimulia alivyoambiwa na nesi kwamba kwenda kliniki bila hilo kunashusha ari ya wengine. Nesi alikuwa akitibu adha isiyo ya mgonjwa. Mume, au mama mkwe, anayesisitiza operesheni ili nyumba isipate aibu, yumo katika kosa hilo hilo, na hawezi kujikinga nyuma ya Arfaja.

Limebaki la chuchu, ambalo kwa wengine ndilo gumu kuliko yote. Baada ya titi kupona, rangi ya chuchu mara nyingi hurudishwa kwa sindano na wino, na chale zimelaaniwa waziwazi. Kwa hoja niliyoifuata, sindano inayorudisha kilichokuwepo haiko kundi moja na inayochora ua begani, ijapokuwa kazi ya mkono ni ile ile. Anayesita bado ana chuchu za silikoni za kubandika, na wapo wanaoliacha titi bila chuchu wakaridhika nalo.