Mbwa wa Msasi na Shamba la Jirani

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyewahalalishia waja wake vilivyo vizuri na akawaharimishia vilivyo vibaya. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na Masahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Katika mashamba ya pwani na visiwa vyake watu wamezoea tangu zamani kusaka kwa mbwa. Wasasi hukusanyana alfajiri, huyu ana rungu, yule ana wavu, na mbwa wamevikwa njuga shingoni. Huingia vichakani, na paa akiibuka hupigwa ukelele na mbwa wakaachiwa. Jambo hili kwa asili yake ni halali. Walakini ndani yake mmeingia mambo mawili ambayo watu wengi wameyapuuza: moja ni la chungu, na moja ni la mpaka. La chungu ni ile nyama iliyoletwa nyumbani ikapikwa na watoto wakala: je, ni windo au ni nyamafu? La mpaka ni shamba la mtu, ambalo mbwa hajui ua wake, na msasi anaujua akajifanya hauoni. Kwa hili la pili wapo majirani wanaosali safu moja, na wakitoa salamu ya Sala kila mmoja hugeuka upande wake asimpe mwenziwe mkono, na sababu yake ni mbwa.

Asili ya uhalali imo katika Sura ya al-Maida, aya ya 4, ambapo Mwenyezi Mungu amehalalisha kile wanachokamata wanyama wa kuwindia waliofunzwa na watu, wakimkamatia mwenyewe, na akaamrisha litajwe jina lake. Naye Adi bin Hatim, mwana wa yule Hatim Tai aliyesifika kwa ukarimu, alikuwa mtu wa kuwinda, akamwuliza Mtume (s.a.w.) khabari ya mbwa wake. Akajibiwa kwa maana ya kuwa akimtuma mbwa wake aliyefunzwa, na akataja jina la Mwenyezi Mungu, basi na ale alichokamata. Lakini mbwa akila katika windo, asile yeye, kwani huyo amejikamatia nafsi yake. Na akikuta pamoja na mbwa wake mbwa mwingine, asile, kwa kuwa amelitaja jina juu ya mbwa wake tu na hakulitaja juu ya yule mwingine. Hadithi hii wameipokea Bukhari na Muslim, nayo ndiyo shina la mlango wote huu.

Wanavyuoni wa madhehebu ya Imamu Shafi'i wakatoa humo masharti ya mbwa aliyefunzwa. Akitumwa aende. Akikatazwa asimame. Akikamata amzuie mnyama kwa ajili ya bwana wake wala asimwachilie. Tena asile katika windo. Na mambo haya yaonekane kwake mara baada ya mara, hata wenye ujuzi wa mbwa wamdhanie kuwa amefunzika. Mara moja haitoshi. Ama kutaja jina la Mwenyezi Mungu wakati wa kumtuma, kwetu ni sunna iliyotiliwa nguvu. Aliyesahau nyama yake ni halali, na mwenye kuacha kwa makusudi amefanya jambo la kuchukiza.

Sasa tazameni masala yenyewe. Zaid ni msasi, ana mbwa watatu waliofunzwa. Amru ni jirani yake, ana shamba la mihogo na mbuzi wachache. Zaid amekaa chini ya mwembe anapumzika, mbwa wako miguuni pake, hawakufungwa. Paa akatoka kichakani. Mbwa wakaondoka wenyewe mbio, Zaid hajasema neno. Alipoona vile akainuka, akapiga ukelele wa kuwahimiza, akataja na jina la Mwenyezi Mungu, na mbwa wakazidi mbio. Paa akavuka ua, akaingia mihogoni kwa Amru, wakamwua humo. Zaid alipofika alimkuta amekwisha kufa.

Nyama hii si halali. Amesema Imamu Nawawi katika Minhaj kuwa mbwa akienda kwa nafsi yake akaua, haliwi. Na hata bwana wake akimhimiza naye akazidi mbio, kauli iliyo sahihi zaidi ni kuwa haliwi vile vile. Na wasasi wengi hapa ndipo wanapoteleza, kwani hudhani kuwa ule ukelele na ile Bismillahi iliyosemwa njiani imeitengeneza nyama. Mbwa katika sharia ni kama kisu mkononi mwa mtu. Kisu kikimponyoka mtu kikamwangukia mnyama kikamwua, hapana asemaye kuwa mnyama yule amechinjwa, hata yule mtu akisema Bismillahi mara mia kisu kikiwa hewani. Kilichotakiwa ni kuondoka kwa mbwa kutokane na kutuma kwa mtu.

Zaid alipasiwa afanye nini? Alipasiwa kuwaita warudi. Wakisimama, awatume upya kwa kusudi lake. Wakenda wakaua, basi hiyo ni halali bila ya shaka. Na kama amewaita hawakusimama, basi hilo lenyewe linamwonyesha kuwa mbwa wake hawajafunzika, na mashaka hayawi juu ya paa wa leo peke yake. Msasi mwenye kumcha Mungu huwafunga mbwa wake kamba mpaka wakati wa kutuma, na akapumzika moyo wake pamoja na miguu yake.

Iko njia moja ya kuokoa nyama hii, nayo ni kumwahi mnyama yu hai, mwenye uhai ulio imara, akachinjwa. Hapo haidhuru mbwa wamekwenda wenyewe, wala haidhuru hawakufunzwa, kwa kuwa kilichomhalalisha ni kisu, siyo meno. Ndivyo alivyofutu Mtume (s.a.w.) katika hadithi ya Abu Tha'laba al-Khushani. Kwa hivyo msasi na achukue kisu, na kiwe kikali, na kitoke upesi. Wanavyuoni wamekwenda mbali mpaka wakasema: aliyemkuta mnyama yu hai na hana kisu, au kisu kimenasa katika ala, mnyama akafa yeye akivuta mpini, basi ni haramu, kwa sababu taksiri ni yake. Kutu ya ala huifanya nyama ya paa mzima kuwa chakula cha kunguru.

Na mbwa koko wa mtaani akijiunga na mbwa wa Zaid wakamwua paa kwa pamoja, haliwi, kwa hadithi ya Adi. Hili hutokea sana, kwani mbwa asiye na bwana akisikia njuga hufuata.

Tena nyama ikiwa halali bado iko kazi. Mahali pa meno ya mbwa katika windo ni najisi, na kauli iliyo sahihi zaidi ni kuwa hapasamehewi. Hailazimu kupakata na kupatupa. Yatosha kupaosha mara saba, moja kati yake kwa maji yaliyochanganywa na udongo ulio tohara. Mwenye kutia nyama chunguni kabla ya kuosha amenajisi mchuzi, na chungu, na upawa, na mkewe aliyepika hana khabari. Jukumu hilo ni la aliyejua akanyamaza.

Limebaki la mpaka, na humo ndimo maneno yanamozidi kuwa makali baraza kwa baraza.

Amru amekuja akisema: paa huyu ni wangu, kwani amekufa katika shamba langu. Neno hili si sawa. Mnyama wa mwitu ni mubaha, hana bwana mpaka akamatwe kwa mkono, au anaswe katika wavu uliotegwa, au ajeruhiwe jeraha la kumvunja nguvu asiweze kukimbia. Kuingia tu shambani mwa mtu hakumfanyi kuwa mali yake, hata akizama matopeni humo asiweze kutoka. Kauli iliyo sahihi zaidi ni kuwa mwenye ardhi hammiliki kwa hilo, ila yeye ana haki ya kutangulia kumchukua kuliko watu wengine.

Zaid naye amejibu: kwa kuwa paa si wako, basi nina ruhusa ya kumfuata popote. Na hili pia si sawa. Kuwa paa ni mubaha hakuifanyi ardhi kuwa mubaha. Mwenye kuingia shambani mwa mtu bila ya idhini wala kujua ridhaa yake ameingia katika dhambi, ijapokuwa windo alilolikamata humo linakuwa milki yake. Haya ni mambo mawili, na mjinga ndiye anayeyachanganya. Wako wenye mashamba wanaowapenda wasasi kwa sababu ya nguruwe wanaofukua mihogo, na kuwafukuza nguruwe na kuwaua kwa ajili ya madhara yao kumeruhusiwa. Lakini idhini ya nguruwe wa msimu huu si idhini ya paa, wala si idhini ya mwaka ujao. Na aliyeona mbwa wake wameruka ua na wanaharibu, na mwenye shamba hayupo, huyo na aingie awatoe. Kuingia kwa kuondoa madhara si kama kuingia kwa kutafuta nyama.

Mihogo iliyovunjwa Zaid atailipa. Aliye pamoja na mnyama wake, akimwongoza au akimfuata nyuma, ana dhamana ya alichokiharibu, usiku na mchana. Ama mnyama aliye peke yake, asili yake ni hukumu aliyoitoa Mtume (s.a.w.) juu ya ngamia wa al-Bara' bin Azib aliyeingia bustani ya watu: wenye bustani wazilinde mchana, na wenye wanyama wawe na dhamana ya usiku. Asije Zaid akajificha nyuma ya hukumu hii akasema: mbwa wangu walitoka wenyewe, tena mchana. Mnyama aliyejulikana kwa uharibifu, kama paka aliyezoea kula kuku wa watu na mbwa aliyezoea kurarua mbuzi, kawaida yake ni kufungwa. Bwana wake akimwachilia baada ya kujua tabia yake, ana dhamana usiku na mchana. Mara ya kwanza huenda akawa na udhuru. Mbuzi wa pili hana udhuru.

Na Amru, je, ana ruhusa ya kuwaua mbwa? Hapa hasira huwapeleka watu mahali pabaya. Mbwa akiwa amemshika mbuzi wake, amfukuze kwa jambo lililo jepesi, kisha lililo zito zaidi: ukelele ukitosha asipige, fimbo ikitosha asitumie panga; na kama hapana njia illa kuua, akaua, hana lawama wala dhamana. Lakini mbwa anayepita mbio nyuma ya paa, asiyemgusa mbuzi wala mtu, naye ni mbwa wa kuwindia, huyo ana hishima katika sharia wala si halali kumwua. Watu husema: mbwa hana thamani, basi akiuawa hapana neno. Ni kweli kuwa Mtume (s.a.w.) amekataza thamani ya mbwa, na aliyemwua halipi kitu, lakini kutolipa duniani hakumaanishi kutoulizwa Akhera. Ama wale wanaotia sumu katika utumbo na kuutupa mipakani, wao hawafukuzi jambo jepesi wala zito. Sumu haijui mbwa wa Zaid na mbwa koko, haijui mwenye kosa na asiye na kosa, na huacha kiumbe akifa kwa mateso ya saa nyingi. Akimkamata mbwa, na amfunge ampelekee bwana wake khabari, na muda amfungapo ampe maji na chakula. Yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa paka, kosa lake lilikuwa ni kumfunga asimlishe wala asimwache ajitafutie.

Na Zaid ajue kuwa hata kuwa na mbwa kwake ni kwa sababu. Asiyekuwa na windo, wala mifugo, wala shamba la kulinda, akafuga mbwa kwa kujifakharisha, hupungukiwa katika thawabu zake kila siku kirati, na katika mapokezi mengine kirati mbili. Kadhalika mwenye kuwaachia mbwa wamfukuze paa kwa kutazama mbio tu, hana haja ya kumla, amemwua mnyama wa halali bila ya haki yake, na jambo hilo ni haramu.

Yako pia maagizo ya serikali. Nchini Kenya uwindaji umekatazwa tangu mwaka 1977, na Zanzibar wanyama wa msituni wako chini ya sheria ya misitu ya mwaka 1996. Paa nunga hawapatikani illa Unguja na katika misitu michache ya pwani ya bara upande wa kaskazini; na mbwa hatofautishi nunga na chesi, wala dume na jike mwenye mimba. Wanavyuoni wamesema kuwa mtawala akikataza jambo la mubaha kwa maslaha ya watu wote, kutii ni wajibu. Nyama ya aliyevunja katazo hilo haigeuki nyamafu kwa hilo, ikiwa masharti yaliyotangulia yametimia. Dhambi yake ni ya uasi. Na anayesema kuwa hiyo si sheria ya dini, na asome tena mlango wa utii.

Katika masala ya Zaid na Amru, basi, hukumu ni hii: paa yule ni nyamafu, wala si wa Zaid kumla wala si wa Amru, na afukiwe mbali na kisima. Zaid atalipa mashina ya mihogo kwa bei yake siku ile, na atamtaka radhi Amru kwa kuvukwa ua wake. Amru hana haki ya kumgusa mbwa yeyote katika wale watatu, kwa kuwa hawakugusa mbuzi wake. Na kama wamegombana juu ya hesabu ya mashina, wamchukue mtu wa tatu ajuaye kulima, wayahesabu pamoja kabla mihogo haijanyauka.

Wallahu a'alam.