Ada ya Bima ya Dereva Kijana na Swali la Haki

Ada ya bima ya gari hupangwa kabla kosa halijatendeka. Mwanafunzi wa miaka 18 anayeendesha gari Ann Arbor, mji wa Michigan unaoishi kwa chuo kikuu chake, hutozwa zaidi ya mama yake hata kama hajawahi kukwaruza gari la mtu. Kampuni haimjui yeye. Inalijua kundi lake. Nchini Marekani, kwa kila maili inayoendeshwa, madereva wa miaka 16 hadi 19 hupata ajali za vifo karibu mara tatu ya waliotimiza miaka 20 na kuendelea. Kisha huangaliwa aina ya gari, mahali linapolazwa, umbali linaotembea kwa mwaka na makosa ya barabarani. Anayebaki katika bima ya wazazi aghalabu hupata nafuu, na kampuni nyingi humpunguzia mwenye wastani wa alama B.

Je, ni haki mtu kubeba mzigo wa wenzake? Kitabu cha Ezekieli, sura ya 18, kinakataa mwana kuadhibiwa kwa uovu wa baba, na Kurani nayo inamwajibisha kila mtu kwa matendo yake. Lakini ada si adhabu. Fikihi ya Kiislamu yenyewe inaitambua akila, yaani jamaa wa upande wa baba wanaochangia diya, fidia ya aliyeuawa bila kukusudiwa, na hakuna anayewahesabu kuwa wauaji. Ugumu uko kwingine: mwanafunzi hachangii sawa na wengine, bali huongezewa kwa sababu ya kundi asilolichagua.

Mageuzi ya sheria ya Michigan ya mwaka 2019 yalipiga marufuku kupanga ada kwa jinsia, hali ya ndoa, kazi au kiwango cha elimu. Umri ukaachwa uendelee kutumika. Utetezi wake ni kwamba ujana hupitiwa na wote, hivyo anayelipa zaidi leo atalipa kidogo kesho. Hoja hiyo ina nguvu, ila inasahau kwamba deni linadaiwa wakati mfuko ni mtupu. Hawaii hairuhusu umri wala hata miaka ya uzoefu. California, tangu kura ya maoni ya mwaka 1988, hutanguliza rekodi ya uendeshaji, maili na uzoefu; njia hiyo inakaribia haki zaidi, kwa kuwa humpima dereva kwa yaliyo yake.

Hata rekodi, hata hivyo, haikosi bahati ndani yake. Mwaka 1976 wanafalsafa Bernard Williams na Thomas Nagel waliandika juu ya bahati katika maadili, na baadhi ya mifano yao ilihusu madereva. Wanafunzi wawili wakitazama simu katika njia moja, mmoja akamgonga mwendesha baiskeli na mwenzake akafika salama, uzembe ni uleule, lakini ada inampandia mmoja. Vifaa vinavyorekodi mwendo na namna ya kufunga breki vingemnasa hata yule wa pili, kwa gharama ya faragha yake. Tena baadhi ya mipango ya bima inayotumia vifaa hivyo huhesabu safari za usiku wa manane kuwa hatari, kwa hiyo mwanafunzi anayetoka zamu ya kuosha vyombo mgahawani huandikwa pamoja na anayetoka kwenye sherehe.