Jumanne: Usingizi Chini ya Mretemu

Soma 1 Wafalme 19:1–8. Mungu alimpa Eliya mambo gani kabla ya kusema naye kule Horebu? Utaratibu huo unatufundisha nini?

Eliya alikuwa ametoka kwenye ushindi mkubwa. Moto ulikuwa umeshuka Karmeli, mvua ilikuwa imenyesha baada ya ukame mrefu, naye alikuwa amepiga mbio mbele ya gari la Ahabu mpaka Yezreeli. Kisha ukaja ujumbe wa Yezebeli. Mtu aliyewakabili manabii 450 wa Baali akakimbilia jangwani, akaketi chini ya mretemu, akaomba afe.

Angalia jinsi Bwana alivyomtendea. Hakumkemea kwa kukosa imani. Alimwacha alale. Malaika akamgusa, akamwonyesha mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Eliya akala, akanywa, akalala tena. Akaguswa mara ya pili, akala, na kwa nguvu za chakula kile akaenda siku 40. Maswali ya Mungu yalikuja baadaye, nabii akiwa amekwisha kupumzika.

Sisi Waadventista tunajulikana kwa yale tusiyokula na tusiyokunywa, na ni vema. Lakini mtu aweza kuacha pombe, nyama ya nguruwe na kahawa, na bado akalidhoofisha hekalu la Roho Mtakatifu kwa kulala saa 4 tu kila usiku (1 Wakorintho 6:19, 20). Muumba ameweka kinga ndani ya miili yetu, na kinga hiyo hujengwa pia tunapolala. Katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2009, watu 153 wenye afya walitiwa puani matone yenye virusi vya mafua. Waliokuwa wakilala chini ya saa 7 walipatwa na mafua karibu mara 3 zaidi ya waliolala saa 8 au zaidi. Kulala mapema, basi, ni sehemu ya uwakili wetu.

Hata hivyo, tusimhukumu anayeugua. Trofimo, mtenda kazi pamoja na Paulo, aliachwa Mileto akiwa mgonjwa (2 Timotheo 4:20). Wala usingizi hauchukui nafasi ya chanjo, dawa au daktari.

Tena, wako ambao ukiwaambia "pumzika" ni kama unawadhihaki. Fikiri juu ya mama anayemuuguza mumewe usiku kucha, na asubuhi aende sokoni kutafuta riziki. Siku ya Sabato anasinzia wakati wa hubiri, nasi tunanong'onezana kwamba amepoa kiroho. Mama huyu anajua fika faida za usingizi. Kinachokosekana ni mtu wa kumpokea zamu.

Eliya hakujiokea mkate ule. Aliletewa. Dada wawili wa Dorkasi wakifika jioni na sufuria ya maharage, wakakaa na mgonjwa mpaka asubuhi ili mama yule alale, watakuwa wamefanya kazi aliyoifanya malaika jangwani. Na huenda maombi yake ya afya yakajibiwa kupitia mlango waliobisha wao.

Yesu naye aliwaona wanafunzi wake wamechoka, hata nafasi ya kula hawana, akawaita kando wapumzike (Marko 6:31). Makutano yalikuwa bado yanamhitaji, lakini aliwaona na watumishi pia.

Ni nani katika kundi lenu la Shule ya Sabato ambaye amechoka kama Eliya? Kabla ya kumwombea leo, kubalianeni: nani atapeleka chakula, nani atashika zamu, na usiku gani?