Ukiona Vyaelea, Vimeundwa

Methali hii ilizaliwa ufukweni. Vinavyoelea ni vyombo: mashua, dau, jahazi. Nenda Nungwi kule Unguja, au Matondoni kisiwani Lamu, umtazame fundi. Huanza na mkuku, akasimamisha mataruma, kisha akagongomea mbao moja baada ya moja, miezi ikapita. Siku ya kushua chombo, watu hukusanyika, kamba zikavutwa, nacho kikateremka majini. Atakayekiona kesho yake kikikata maji, tanga limejaa upepo, hatayaona mabanzi yaliyobaki mchangani. Ndiye anayeambiwa: ukiona vyaelea, vimeundwa.

Maana yake ya juu yaeleweka upesi: hakuna jema linalojitokea tu. Kijana akivaa joho siku ya mahafali, nyuma yake kuna ng'ombe aliyeuzwa, vitenge vilivyouzwa gulioni, na usiku ambao mtu hakulala. Lakini tuitazame methali yenyewe ilivyotungwa. Haikusema fundi fulani ameviunda. Imesema "vimeundwa", ikanyamaza. Kazi imetajwa, mtendaji amefichwa. Wahenga walijua kwamba kazi kubwa ya kulea haiandikwi jina la mtu ubavuni mwa chombo.

Swali ninalotaka tulitafakari ni hili: kuunda huisha lini? Wazazi wengi huhesabu kuwa wamemaliza siku wanapompandisha mtoto basi la kwenda chuoni, na godoro lake, ndoo na sanduku. "Sasa amekuwa mtu mzima," husema, wakashusha pumzi. Mafundi wa pwani hawahesabu hivyo. Chombo kilichokwisha kushuliwa hurudishwa pwani tena na tena. Hutiwa kalafati: pamba iliyolowekwa mafuta hushindiliwa katika nyufa za mbao ili maji yasipenye. Chini hupakwa deheni, chokaa iliyochanganywa na shahamu, kukikinga na wadudu wa baharini wanaotoboa mbao. Chombo kisichokalafatiwa hakizami siku moja. Huingiwa na maji kidogo kidogo.

Maisha ya chuo nayo yana nyufa zake. Chukua mwanafunzi wa Tanzania aliyepata mkopo wa Bodi ya Mikopo. Posho ya chakula na malazi, "bumu" kwa lugha ya wanafunzi, ilihesabiwa kwa Sh 10,000 kwa siku katika mwaka wa masomo 2022/23, lakini fedha ya siku nyingi hutolewa kwa mkupuo. Kijana ambaye hajawahi kushika laki mbili mkononi mwake husaini, akapokea, akajiona tajiri. Wiki ya tano anakula chapati moja kwa siku. Mwingine amekosa chumba, analala kitanda kimoja na mwenzake, yale wanayoyaita "kubebana". Mwingine ameshika sapu, yaani mtihani wa marudio, katika somo ambalo sekondari alikuwa akiongoza, na anaogopa kudisko, yaani kuondolewa masomoni. Na kuna upweke: umati wote ule wa ukumbi wa mihadhara, na hakuna hata mmoja anayelijua jina lake la nyumbani.

Kalafati ya mzazi ni ndogo, nayo haihitaji digrii. Ni simu ya jioni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

Swali hilo la pili lina hekima kuliko "umepata ngapi?" Atakayeulizwa alama kila siku atajifunza kuficha sapu. Atakayeulizwa kama amekula atasema, mwishowe, kwamba hajala; kisha atasema kwa nini. Hapo ndipo ufa unapoonekana ungali mwembamba. Mzazi akae naye, hata kwa simu, wagawe bumu kwa majuma kabla halijaisha. Amkumbushe kwamba chuoni kuna ofisi ya mshauri wa wanafunzi, na kuingia humo si aibu. Mkono mmoja haulei mwana, na mikono mingine iko huko huko aliko. Wahenga walikwisha kuonya: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Hata hivyo, fundi hapandi chomboni kushika usukani. Hili ni gumu zaidi kwa mzazi anayependa. Kuna baba anayemchagulia mwanawe kozi, akataka ratiba yake, akampangia marafiki, kisha akashangaa kijana wa mwaka wa tatu hawezi kuamua neno. Chombo kinachoachwa nchi kavu kwa hofu ya dhoruba hukauka mbao, zikaachana. Baharini kuna nahodha, na nahodha ni yule kijana. Akikosea njia, aelezwe. Akirudi na tanga limechanika, apokewe kwanza, aulizwe baadaye. Kijana anayejua kwamba nyumbani kuna pwani ya kupwelea haogopi kwenda mbali. Anayejua kwamba atakaporudi na doa atatukanwa, hubaki huko huko na ufa wake hadi maji yamfike shingoni.

Basi methali hii yatufunza mambo mawili kwa pamoja. Kwa anayetazama, inafunza shukrani: asisifu tanga akasahau mkuku. Kwa mlezi, inafunza subira na unyenyekevu: aendelee kuunda baada ya wengine kudhani amemaliza, na akubali kutotajwa. Fundi mzuri, chombo chake kikirudi pwani, hukizunguka taratibu akigonga mbao kwa kiganja, akisikiliza wapi pana mlio wa ufa. Mama anayeuliza "umekula?" anafanya kazi hiyo hiyo. Anagonga, ananyamaza, anasikiliza.