Umefunga Nini Mkobani?



Naomba mfungue Kitabu cha Kwanza cha Samweli, sura ya 9. Kishi alipotelewa na punda, akamtuma Sauli mwanawe awatafute pamoja na mtumishi mmoja. Ilikuwa safari ya siku chache tu, nao walichukua chakula cha kuwafaa siku hizo. Wakapita milima ya Efraimu, wakapita nchi ya Wabenyamini, punda hawaonekani. Walipofika nchi ya Sufu Sauli alitaka kurudi, maana alijua kwamba baba yake sasa amesahau punda na anamhangaikia yeye. Mtumishi akamkumbusha kwamba katika mji ule yupo mtu wa Mungu, huenda akawaonyesha njia. Angalieni jibu la Sauli. Hakuuliza kama mtu yule ni wa kweli. Aliuliza watampelekea nini, kwa maana mkate umekwisha mkobani na zawadi hawana.

Swali hilo tunalijua sote. Mama anakwenda Muheza kumtazama dada yake, atalala usiku mmoja, kesho kutwa yuko nyumbani. Vitu vyake mwenyewe vinaingia katika mfuko mdogo: doti ya khanga, ndala, mswaki, dawa za presha, chaja ya simu, na Kitabu cha Sala ambacho karatasi zake zimeanza kuachana. Hivyo amevifunga kwa dakika tano. Kinachomchukua siku nzima ni kikapu cha pili, cha mwenyeji. Humo mna sukari kilo moja, mche wa sabuni, majani ya chai, unga kama upo. Kwa bei ya duka vitu hivyo si vya ajabu, na pengine dada yake naye anayo sukari. Lakini yeye anapoipokea anajua kwamba alikumbukwa wakati fedha zinahesabiwa, na fedha zenyewe zilikuwa chache. Ndiyo maana mwenyeji hakipekui kikapu mbele ya mgeni. Hukipokea kwa mikono miwili, akakipeleka ndani.

Desturi hii ni njema, nami sitaki mtu aseme kwamba kasisi ameipinga. Yese alipomtuma Daudi vitani kuwajulia hali ndugu zake, hakumwacha aende hivi hivi. Alimpa efa ya bisi na mikate 10 kwa ajili yao, tena jibini 10 kwa akida wao. Mwenye nacho na achukue. (Na mwenye nacho anayefika kwa mgonjwa akinyoosha mikono tu, halafu akangoja chai, huyo tutazungumza naye siku nyingine.)

Neno langu leo ni kwa asiye nacho. Wazee wetu walisema mkono mtupu haulambwi, nao walikuwa na sababu yao. Lakini methali hiyo imevunja safari nyingi zilizopaswa kufanyika. Wako kati yetu waliosikia kwamba ndugu amelazwa, wakasema, "Nitakwendaje bila kitu?" Wakangoja wauze mahindi. Mahindi yalipouzwa ada ya shule ikayameza. Wakangoja tena mwisho wa mwezi. Kisha simu ikalia usiku, na asubuhi yake nauli ikakopwa kwa jirani, maana msiba haungoji. Nauli iliyokosekana ya kumwona ndugu akiwa hai ilipatikana ya kwenda kumzika, na rambirambi juu yake. Mgonjwa hakuwa na haja na sukari. Alikuwa anatazama mlango.

Turudi kwa Sauli. Mtumishi alipapasa akaona anayo robo ya shekeli ya fedha, wakafurahi, wakapanda mjini. Nimeisoma sura hii mara nyingi, na sijaona mahali palipoandikwa kwamba fedha ile ilitolewa. Samweli hakuiuliza. Bwana alikuwa amemfunulia siku moja kabla kwamba mgeni anakuja. Akamketisha Sauli mahali pa heshima mbele ya walioalikwa, watu kama 30, kisha akamwita mpishi alete fungu lililowekwa kando. Lilikuwa paja. Basi wakati kijana anasimama njiani akihesabu kilichobaki mkobani, nyama yake ilikuwa imekwisha kutengwa jikoni. Sauli alidhani swali ni yeye amechukua nini.

Bwana wetu naye aliwafungia wanafunzi wake mizigo, ila yeye alifunga kwa kupunguza. Katika Marko 6 aliwaruhusu fimbo na viatu. Mkate aliukataza, na mkoba, na fedha mshipini, hata kanzu ya pili. Tena akawaagiza kwamba nyumba watakayoingia wakae humo humo mpaka watakapoondoka mahali pale. Wengine husema alitaka wawe wepesi wa kutembea. Huenda. Mimi naona zaidi kwamba mwenye kanzu mbili na mkate wake anaweza kulala nje ya kijiji, akahubiri asubuhi, akaenda zake, asimjue mtu wala asijulikane. Asiye nacho hana budi kubisha hodi. Nasi twasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji atapona kwa mgeni gani, ikiwa mgeni mwenyewe haoni kwamba anahitaji kitu chochote kwake?

Wala Bwana hakuifanya kuwa sheria ya siku zote. Usiku wa mwisho, katika Luka 22, aliwauliza kama walipungukiwa na kitu safari ile, wakakiri kwamba hawakupungukiwa. Ndipo akawaambia sasa mwenye mfuko auchukue. Kwa hiyo asijidhani mtakatifu mtu anayepanda Lushoto mwezi wa Julai bila sweta. Mtume Paulo kifungoni alihitaji joho lake, akaagiza liletwe kutoka Troa, kwa Karpo, pamoja na vitabu. Lakini tazameni mpangilio wa barua ile ya pili kwa Timotheo, sura ya 4. Mstari wa 9 anamsihi Timotheo aje upesi. Joho linafuata katika mstari wa 13. Halafu katika mstari wa 21 anarudia tena: ajitahidi kuja kabla ya wakati wa baridi. Mzee yule angefurahi kupata joho. Naamini kama Timotheo angekuta limepotea, Paulo asingependa ageuke arudi kulitafuta wakati baridi inaingia.

Sasa basi, jambo la mtaa wetu. Wako wagonjwa wanne hospitalini, na wazee wawili majumbani ambao hawajafika kanisani tangu Pasaka. Majina yao husomwa katika sala kila Jumapili, nasi tunaitikia. Jumamosi hii tutakwenda kuwaona. Kina mama wa kanisa wameweka kikapu kimoja karibu na mlango wa sakristia. Mwenye sukari au sabuni na atie humo, bila kuandika jina, na kikapu hicho kitakuwa cha wote tutakaokwenda. Asiye na cha kutia asikae nyumbani. Aje na Kitabu chake cha Sala, na kama macho hayaoni vizuri aje na miwani yake, maana mmoja wa wagonjwa ameomba asomewe Zaburi. Gari litaondoka hapa kanisani saa mbili asubuhi.